Wasomaji Wauliza: Kulima Kwanza Ndani ya Kompyuta

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zinahusu modeli za kompyuta: programu zinazoiga shamba siku kwa siku, kuanzia mvua inapoingia udongoni hadi punje inapojaa, ili mkulima au mpangaji alijaribu jambo kwenye skrini kabla ya kulitolea pesa. Tumechagua sita. Ya pili tumeijibu kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayofungua hizo nyingine.

Mashine yasema tani kumi, mimi navuna gunia kumi

*Assalaam aleikum wahariri. Mwanangu ameniletea programu ya bure iitwayo AquaCrop. Ameingiza mahindi yangu ya masika, ekari mbili, na mashine imetoa tani 10 kwa hekta. Mimi tangu nianze kulima sijavuka gunia kumi kwa ekari. Nani anakosea? – Mkulima, Mwakirunge*

Waaleikum salaam, mzee wetu. Kwanza tuziweke hesabu zenu kwenye mizani moja. Gunia kumi za kilo 90 ni kilo 900 kwa ekari. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hivyo unavuna kama kilo 2,220 kwa hekta. Tena mahindi ya guniani, hata yakianikwa vyema, yana unyevu wa asilimia 13.5 hivi, ilhali AquaCrop hutoa uzito wa punje kavu kabisa. Ukitoa maji hayo wabaki na kilo 1,920. Basi tofauti ni kati ya tani 10 na tani 1.9, na bado ni kubwa.

Sababu imo ndani ya programu yenyewe. AquaCrop ilitolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2009, na kinachoiongoza ni maji. Kila siku huchukua maji yaliyotoka majanini, huyagawanya kwa maji ambayo hewa ya siku hiyo ingeweza kunyonya, kisha hujumlisha majibu ya msimu mzima na kuzidisha kwa namba ya zao. Kwa mahindi namba hiyo ni gramu 33.7 kwa mita mraba. Siku 90 zenye wastani wa 0.7 zinatoa 63, mara 33.7 ni gramu 2,123, yaani tani 21.2 za mmea kwa hekta bila mizizi. Faili ya mahindi inayokuja na programu huhesabu asilimia 48 ya uzito huo kuwa punje. Hizo ndizo tani 10 zako. Ni mavuno ya shamba lisiloonja njaa ya mbolea, magugu wala mdudu.

Mwanao asiifute kazi yake, airekebishe. Jambo la kwanza ni rutuba. AquaCrop haihesabu naitrojeni kilo kwa kilo. Huuliza tu shamba lako linatoa asilimia ngapi ya mmea ikilinganishwa na shamba lililolishwa vizuri. Ikiachwa bila kuguswa, hudhani ni asilimia 100. Tengeni kipande cha mita 5 kwa 5, kipewe mbolea ya kutosha na samadi, kipaliliwe kama kingine. Wakati wa mavuno kateni mimea ya mita mraba 10 hapo na mita mraba 10 katikati ya shamba la kawaida, ikausheni, ipimeni. Kama ya kawaida ni asilimia 45 ya ile nyingine, namba ya kuingiza ni 45.

La pili ni idadi ya mimea. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kwa shimo, ni mimea 44,444 kwa hekta. Faili ya mahindi hukadiria kila mche unafunika sentimita mraba 6.5 unapochipuka, kwa hivyo ardhi iliyofunikwa mwanzoni ni asilimia 0.29. Ikiwa theluthi ya mashimo hayakuota, punguzeni theluthi. Hesabuni mimea iliyosimama wiki ya tatu, msihesabu mbegu mlizotia.

La tatu ni ile asilimia 48. Chukueni mimea 20, kausheni, pukuchueni, pimeni punje peke yake na mmea mzima. Mbegu za kienyeji zilizorefuka sana mara nyingi huwa chini ya hapo. La nne ni magugu, ambayo programu ina mahali pa kuyaingiza kama asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Viwavijeshi vamizi na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, havimo kabisa. Hayo mtayatoa kwa mkono, na muandike pembeni kwamba mmeyatoa, ili mwakani msije mkadhani mashine ndiyo iliyoyajua.

Sina programu, nina Excel tu

*Mimi ni afisa wa kilimo wa nyanjani. Nataka kujua msimu gani wakulima wangu wangekosa maji, na kwa udongo gani. Kozi za programu kubwa ni ghali. Je, naweza kujenga modeli ndogo mwenyewe? – Likoni*

Unaweza, dada, na tungependa kila anayetaka kutumia programu kubwa aanze hapo. Mtu aliyejenga hesabu ya maji kwa mkono hudanganyika kwa shida sana baadaye.

Chukulia udongo kuwa ndoo. Ndoo ina mstari wa juu, kiwango cha maji kinachobaki baada ya udongo uliolowa chepechepe kuacha kuchuruzika, na mstari wa chini ambapo mmea hunyauka hauamki tena. Kilicho kati ya mistari hiyo ndicho mmea hunywa. Mchanga wa pwani unaweza kuwa na milimita 80 tu kwa kila mita ya kina. Udongo tifutifu hufika 150. Mizizi ya mahindi ikiwa imeshuka sentimita 60, mchanga una milimita 48 na tifutifu ina 90. Ila mmea hauanzi kuumia ndoo ikiwa tupu. Mahindi huanza kufunga vinyweleo vya majani yakishatumia asilimia 55 hivi. Kwa mchanga ni milimita 26.4, kwa tifutifu 49.5.

Sasa hewa inanyonya kiasi gani? Kama una joto la juu na la chini tu, tumia kanuni ya Hargreaves: 0.0023 mara (joto la wastani + 17.8), mara kipeuo cha pili cha tofauti ya joto la juu na la chini, mara mionzi ya jua juu ya anga ikiwa imegeuzwa milimita. Kwa Mombasa mwezi Machi, joto la juu likiwa 32 na la chini 24, mionzi hiyo ni kama milimita 15.5, na jibu ni milimita 4.6 kwa siku. Jua udhaifu wake: kanuni hii huzidisha kwenye hewa yenye unyevunyevu mwingi na hupunguza panapovuma upepo mkali. Pwani tuna vyote viwili, basi ukipata vipimo vya upepo na unyevu hewani, hamia kanuni ya Penman-Monteith iliyo kwenye mwongozo wa FAO namba 56 wa mwaka 1998.

Hiyo 4.6 ni ya nyasi fupi zilizoshiba maji. Mahindi yana kipimo chake: 0.3 yakiwa machanga, 1.2 yakiwa yamefunga majani na kutoa mbelewele, 0.5 hivi yakikauka. Katikati ya msimu mahindi yanataka 4.6 mara 1.2, yaani milimita 5.5 kwa siku. Gawanya: mchanga unahimili siku 4.8 bila mvua kabla mmea haujaanza kuumia, tifutifu siku 9. Hilo pekee linaeleza kwa nini majirani wawili wenye mbegu moja na mvua moja hawavuni sawa.

Jedwali lako liwe na mstari mmoja kwa kila siku. Weka safu za tarehe, mvua, mnyonyo wa hewa, kipimo cha zao, mahitaji ya siku (safu mbili zilizotangulia zikizidishwa), upungufu wa jana, kizuizi, matumizi halisi, upungufu wa leo, na maji yaliyozama. Upungufu ni maji yanayokosekana ili ndoo ifike mstari wa juu. Upungufu wa leo ni wa jana, toa mvua, jumlisha matumizi halisi, na matumizi halisi ni mahitaji ya siku mara kizuizi. Ukishuka chini ya sifuri, andika sifuri na kile kilichozidi kipeleke kwenye safu ya maji yaliyozama. Kwa ule mchanga wetu, kizuizi ni 1 mpaka upungufu uvuke milimita 26.4; baada ya hapo ni (48 toa upungufu) gawanya kwa (0.45 mara 48). Mfano: upungufu ni 37. Kizuizi ni 11 gawanya kwa 21.6, yaani 0.51, na mahindi yaliyotaka 5.5 hupata 2.8.

Mwisho wa msimu jumlisha matumizi halisi, gawanya kwa mahitaji. FAO ilichapisha mwaka 1979 kanuni nyepesi ambayo bado inatumika: asilimia ya maji iliyokosekana, mara kigezo cha zao, ni asilimia ya mavuno iliyopotea. Kwa mahindi, msimu mzima, kigezo ni 1.25. Ukikosa asilimia 20 ya maji unapoteza asilimia 25 ya mavuno. Lakini usiridhike na jumla ya msimu. Kiu ile ile ikiangukia wakati wa mbelewele, kigezo ni 1.5, ikiangukia mahindi yakiwa bado yanarefuka ni 0.4 tu. Ndiyo maana wiki mbili kavu za Juni zinaweza kuua shamba ambalo lilistahimili wiki mbili kavu za Aprili.

Sasa yale yanayoharibu hesabu, na tumeyaona kwenye kazi nyingi. La kwanza ni siku zisizo na kipimo. Mtu aliyeshika kipima mvua akisafiri, daftari hubaki tupu, na Excel huisoma nafasi tupu kama sifuri. Msimu mzuri unageuka ukame. Weka alama maalumu kwa siku hizo, kisha zijaze kutoka CHIRPS, kumbukumbu ya mvua ya setilaiti inayoanzia 1981, yenye vipande vya kama kilomita 5.5 kila upande. Ilinganishe na kipima mvua chako mwezi kwa mwezi kabla ya kuiamini. Haioni vizuri manyunyu mafupi yanayoingia kutoka baharini.

La pili ni tarehe. Kompyuta nyingi zimewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe 4 Mei inakuwa 5 Aprili, na mvua ya Mei, ambao kwetu ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi, inatawanyika mwaka mzima. Tena mvua inayosomwa saa tatu asubuhi ni ya saa 24 zilizopita, kwa hivyo iandikwe siku ya jana.

La tatu ni joto kutoka NASA POWER, hazina ya bure ya data za hali ya hewa. Kipande chake cha joto kina nusu nyuzi ya ramani kutoka kusini hadi kaskazini, kama kilomita 55, na mashariki hadi magharibi ni zaidi kidogo. Ukichagua Mombasa, bahari na bara vimechanganywa mle ndani, na tofauti ya joto la mchana na usiku inabanwa. Kwa kuwa Hargreaves inategemea tofauti hiyo, mnyonyo wa hewa unashuka na mimea yako yote inaonekana imeshiba maji.

La nne ni udongo wa kubuni. Ramani za kompyuta ni mwanzo tu. Chimba shimo la mita moja. Karibu na shimo, lowesha mita mraba moja hadi ishibe, ifunike kwa karatasi ya nailoni, subiri siku moja kwa mchanga, mbili au tatu kwa tifutifu. Ingiza pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100 kwenye kila tabaka, toa udongo, pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Ukipoteza gramu 12, udongo ulishika asilimia 12 ya ujazo wake, yaani milimita 12 kwa kila sentimita 10. Huo ndio mstari wako wa juu. Wa chini uombe maabara ya udongo ikupimie. Na ukigonga mwamba wa matumbawe kwenye sentimita 40, mizizi yako inaishia hapo, haijalishi kitabu kinasema mita moja.

La tano, ndoo ilikuwa na nini siku ya kupanda? Wengi huanza na udongo ulioshiba. Anzisha hesabu tarehe 1 Januari, udongo ukauke wenyewe wakati wa kaskazi, na mwezi Machi utakuwa na hali inayofanana na ukweli. Kanuni ya kupanda iwe wazi pia: kwa mfano, siku ya kwanza baada ya 15 Machi ambapo mvua ya siku tano imefika milimita 25. Kisha hesabu ni miaka mingapi, kati ya 30, kanuni hiyo ilifuatwa na siku kumi kavu. Hiyo ndiyo miaka ya kupanda mara mbili, na wakulima wako watakuambia papo hapo kama umeipata sawa.

Kisima kina chumvi

*Nina nyanya Bamburi, nanyunyizia maji ya kisima. Majani yanaungua kingo. Kuna modeli ya chumvi? – Msomaji wa kike, Bamburi*

Ipo, na ni mstari mmoja. Kila zao huvumilia chumvi hadi kizingiti fulani, kisha hushuka kwa mwendo ulionyooka. Chumvi hupimwa kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme, kwa kipimo cha desisiemensi kwa mita. Nyanya huvumilia 2.5, halafu hupoteza asilimia 9.9 kwa kila kipimo kinachozidi. Mahindi huvumilia 1.7 na hupoteza asilimia 12. Udongo wako ukiwa 3.7, nyanya zitapungua asilimia 12, mahindi asilimia 24.

Nunua kijipima cha mkononi, upime maji ya kisima mwisho wa kaskazi na tena katikati ya masika. Kisima cha pwani hubadilika. Ikiwa maji ni 1.5 na unataka udongo ubaki 2.5, sehemu ya maji ya kusukuma chumvi chini ni 1.5 gawanya kwa (5 mara 2.5, toa 1.5), yaani 0.14. Gawanya mahitaji ya nyanya kwa 0.86. Zikitaka milimita 5, tia 5.8. Kumwaga zaidi ya hapo kunazidi kuvuta maji ya bahari kuelekea kisimani, hasa pampu ikikimbizwa mfululizo. Pampu saa chache, mara nyingi. Tena nyanya zinyweshwe mizizini. Maji hayo yakirushiwa majanini huacha chumvi juu yake, na huenda ndiyo sababu ya kingo hizo.

Mbegu ya nyanda za juu kwenye skrini ya pwani

*Shirika letu linatumia DSSAT, programu ya kuiga mazao. Hatukupata vigezo vya mbegu za pwani, tukaweka vya mbegu ya nyanda za juu. Mahindi ya kompyuta yanakomaa haraka ajabu na mavuno ni haba. – Nyali*

Kompyuta imetii. Mahindi hayahesabu siku, huhesabu joto lililozidi nyuzi 8. Mombasa yenye wastani wa 27 humpa mmea vipimo 19 kwa siku. Mahali penye wastani wa 18 humpa 10. Mbegu inayotaka vipimo 1,600 itachukua siku 160 kule na siku 84 hapa. Siku 84 ni chache mno za kukusanya jua, ndipo punje zikawa haba.

Pandeni mbegu ya pwani yenyewe, kama PH4, kwenye shamba lenye maji na mbolea ya kutosha, misimu miwili. Andikeni tarehe ya kuchipuka, ya nusu ya mimea kutoa nywele za gunzi, na ya kukomaa, pale alama nyeusi inapotokea kitako cha punje. Modeli ya mahindi iliyomo DSSAT, iitwayo CERES-Maize, ina vigezo sita vya mbegu. Rekebisheni kwanza P1, joto la kipindi cha uchanga, mpaka tarehe ya nywele iafikiane na shamba ndani ya siku mbili au tatu. Kisha P5, joto la kutoka nywele hadi kukomaa, kwa tarehe ya kukomaa. Baada ya hapo tu ndipo mguse G2, idadi ya juu ya punje kwa mmea, na G3, kasi ya kujaa. P2 ya urefu wa mchana haina kazi kubwa karibu na ikweta. Ukianza na G2 ili mavuno yafanane, umeficha kosa la tarehe chini ya kosa la punje, na mwaka wenye mvua tofauti utakuumbua. Msimu mmoja utumike kurekebisha, mwingine ufichwe kwa ajili ya kupima.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Australia walikaa Katumani, Machakos, wakairekebisha modeli hiyo ya CERES-Maize kwa ukame na udongo uliochoka wa huko. Toleo lao, CM-KEN, liliingia kwenye mizizi ya modeli ya mahindi ya APSIM, programu nyingine ya kuiga mashamba, ambayo leo inatumika duniani kote. Pwani haijapata bahati hiyo, na data za misimu miwili kutoka kwenu zingekuwa mchango halisi.

Modeli yaunga mkono mbolea. Tuweke bajeti?

*Kamati yetu imeonyeshwa grafu: mfuko mmoja wa CAN kwa ekari unaongeza mavuno kwa wastani mzuri. Tuamini? – Mjumbe wa kamati ya wadi*

Ombeni mambo matatu, mheshimiwa, kabla ya kura. Kwanza, namba iliyoingizwa. CAN ina naitrojeni asilimia 26, kwa hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 13. Kwa ekari ni hivyo. Kwa hekta ni kilo 32, na modeli husoma kilo za naitrojeni kwa hekta. Aliyeandika 50 ameiga mfuko mmoja na nusu na zaidi. Aliyeandika 13 ameiga chini ya nusu ya mfuko. Ni kosa dogo la kidole ambalo linaweza kugeuza bajeti nzima.

Pili, kataeni wastani peke yake. Miaka 30 ya mvua, tarehe tatu za kupanda na viwango vinne vya mbolea ni mizunguko 360 tu, kazi ya dakika chache. Panga mavuno ya miaka 30 kutoka chini hadi juu na mtazame ya sita kutoka chini. Mkulima anaishi ndani ya miaka hiyo sita, si ndani ya wastani. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko ni shilingi 3,000 na mahindi shambani ni shilingi 40 kwa kilo. Ili kurudisha pesa anahitaji kilo 75 za ziada, yaani kilo 5.8 kwa kila kilo ya naitrojeni. Kwa kuwa kuna usafiri, vibarua na hatari ya mvua, wataalamu wengi hutaka thamani ya mavuno ya ziada iwe mara mbili ya gharama: kilo 150. Kwenye mchanga, mvua kubwa ya Mei huizamisha naitrojeni chini ya mizizi, kwa hivyo ulizeni pia kama modeli ilijaribu kugawa mfuko mara mbili. Mara nyingi jibu la ruzuku bora limo humo kuliko kwenye kuongeza mifuko.

Tatu, soko. DSSAT na APSIM hazijui bei ya soko la Kongowea. Kwa mahindi hilo halitishi sana, maana unga wa Mombasa hutegemea mahindi ya bara, ya Tanzania na ya melini. Mavuno ya wadi chache hayatikisi bei. Kwa mchicha, bamia na nyanya ni kinyume. Haviwekeki, na soko lake ni hapa hapa. Mradi ukiwafanya wote wavune wiki moja, bei itaanguka na faida ya grafu itayeyuka. Kwa mazao hayo hesabu ya bei ifanywe kando, na tarehe za kupanda zipishane.

Nchini Marekani modeli ya EPIC, ya kukadiria mmomonyoko wa udongo na athari yake kwa mavuno, ilijengwa miaka ya 1980 kwa sababu sheria ya 1977 ya kuhifadhi udongo na maji iliwataka maafisa waeleze hali ya rasilimali hizo nchi nzima. Swali la serikali lilitangulia, mashine ikafuata. Kwenu grafu imetangulia. Andikeni swali lenu kwanza: ni mkulima yupi, udongo upi, na hasara ya mwaka mbaya ataibeba nani?

Bwawa la Mwache: mji au mashamba?

*Modeli inaweza kusema maji ya bwawa la Mwache, Kwale, yagawanywe vipi kati ya mji na mashamba? – Mwanafunzi, Tudor*

Kugawa ni kazi ya watu. Modeli kama WEAP, iliyoanzishwa na taasisi ya mazingira ya Stockholm, hufuata daraja unazoiwekea: 1 ndiyo ya mbele kabisa, 99 ya mwisho. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani, basi nyumba za Mombasa ziwe 1. Umwagiliaji wa Kwale ufuate, na maji ya kuachia mto uendelee kuishi yasisahauliwe. Mikoko iliyo pale mto unapoingia baharini inayahitaji.

Mahitaji ya shamba yakokotoe mwenyewe. Ekari ni mita mraba 4,047, milimita 5.5 ni mita za ujazo 22.3 kwa siku. Kwa matone yenye ufanisi wa asilimia 90 utatoa 24.7 bwawani, kwa mifereji ya asilimia 60 utatoa 37. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: wanazihesabu zile 12 kuwa maji yaliyookolewa kwa bonde zima. Sehemu ya maji ya mfereji huzama na kurudi mtoni, na huenda mtu wa chini anayanywa. Kwenye WEAP chora kiungo cha maji yanayorudi kutoka kila shamba, ukipe asilimia, kisha endesha modeli mara mbili, ya pili ukiwa umekifuta. Tofauti ya akiba kati ya majibu hayo mawili ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, kabla ya ramani zote.